Nzi na mbawakawa, walinzi wa kunde zetu

Mwezi huu tuongelee wadudu wawili tunaowaua bila kujua kwamba wanatusaidia.

Mimi mwenyewe nimekosa. Mgao hauna mboga za majani, kwa hiyo nilipanda kunde nyuma ya nyumba. Zikajaa vidukari weusi, wale wanaofyonza utomvu mpaka majani yanajikunja. Nikaona na vijidudu vingine vinatambaa hapo, nikaponda vyote. Baada ya siku chache vidukari wakazidi! Mama jirani akacheka: "Mwalimu, umeua walinzi ukaacha wezi."

Mlinzi wa kwanza ni yule mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Watoto wanampenda, wanamtembeza mkononi. Lakini mtoto wake hafanani naye kabisa: ni mweusi, mrefu, ana miguu sita na mabaka ya rangi ya chungwa. Mkubwa na mdogo, wote wanakula vidukari. Mayai yao ni ya manjano, yamesimama kwa fungu chini ya jani.

Wa pili ni nzi mwenye mistari ya manjano na nyeusi kama nyuki. Anasimama hewani mbele ya ua bila kusogea. Msimwogope, hana mwiba. Yeye chakula chake ni utamu na unga wa maua. Anayewinda ni mtoto wake, buu asiye na miguu wala macho. Anapapasa, anamshika kidukari, anamnyanyua juu na kumfyonza mpaka inabaki ngozi tu. Buu mmoja anaweza kumaliza mamia.

Basi tofauti ndiyo hii: mbawakawa anawinda maisha yake yote, nzi anawinda utotoni tu. Ukubwani anahitaji maua.

Tufanye nini? Kabla ya kunyunyiza maji ya sabuni, geuza jani uangalie. Sabuni inaua vidukari, lakini inaua na mabuu. Ukiwakuta walinzi, subiri siku chache. Pia acha mashina mawili matatu ya giligilani yatoe maua, nzi watakuja.

Wanafunzi wangu sasa wanageuza majani kila Jumatatu na kuhesabu walinzi. Wazazi, mtoto akikuzuia mkono bustanini, usimgombeze. Muulize ameona nini.