Kasongo na Kabambare: Uswahili Ng'ambo ya Ziwa

Siku hewa ikiwa safi, mtu aliyesimama Ujiji huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Fikra za wengi wetu hukomea hapo: milima, na habari za vita redioni. Lakini nyuma ya milima hiyo, ukielekea machweo mpaka ukingo wa mto Lualaba, ipo nchi ambayo watu wake husalimiana kwa Kiswahili, hula wali kwa sombe, ambacho sisi hukiita kisamvu, na siku ya Ijumaa huenda msikitini kwa kanzu na kofia. Bahari iko mbali nao zaidi ya kilomita 1,200, na wengi wao hawajapata kuiona. Nchi hiyo ni kusini ya Maniema, na miji yake ya kutajwa ni Kasongo na Kabambare. Yapo mengi huko ambayo ni yetu, mengine ya kuyapenda na mengine ya kuyaonea uchungu, na naona tumekaa muda mrefu mno bila kuyatazama.

Maniema ni jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo lake ni kilomita za mraba 132,250, ukubwa unaoizidi nchi nzima ya Malawi, na makao yake makuu ni Kindu. Zamani lilikuwa sehemu ya Kivu. Mwaka 1988 Kivu ikagawanywa sehemu tatu, na Maniema ikasimama peke yake. Ina wilaya saba, ambazo wenyewe huziita teritwari. Kaskazini ni msitu mnene wa mvua. Kadiri unavyoshuka kusini msitu hupungua, zikaanza mbuga za nyasi ndefu, miti imebaki kufuata mabonde ya mito. Huko kusini ndiko ziliko teritwari za Kasongo na Kabambare. Kasongo imeukaribia mto Lualaba. Kabambare iko mashariki yake, inapakana na Fizi, na kutoka Fizi ndipo huteremkiwa ziwani. Kiangazi ni kifupi, kiasi cha Juni hadi Agosti. Miezi mingine mvua hunyesha na ardhi huzaa: mpunga, muhogo, mahindi, karanga, ndizi, na michikichi inayotoa mawese.

Lualaba ndio mto unaogeuka kuitwa Kongo huko mbele. Hapa bado ni mchanga, lakini tayari ni mpana, na maji yake yanakwenda kaskazini. Mwendo huo wa kaskazini ulimpoteza David Livingstone, akaamini ameipata asili ya mto Naili, akafa mwaka 1873 bila kujua kwamba maji yale yanaishia Bahari ya Atlantiki. Juu kidogo, karibu na Kongolo, mto unabanwa na majabali kwa nguvu hata Wabelgiji wakapaita Milango ya Jahanamu. Chini ya hapo huingia mto Luama, unaotoka milima ya mashariki na kukata nchi ya Kabambare. Wenye mto ni Wagenya. Wanavua, wanavusha watu kwa mitumbwi, na tangu zamani hakuna mfanyabiashara wala jeshi lililovuka Lualaba bila kwanza kuelewana nao au kuwanyang'anya mitumbwi yao.

Historia iliyoandikwa ya nchi hii inaanza na misafara ya kutoka kwetu. Njia ilikuwa moja na inajulikana: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha majahazi mpaka Mtowa upande wa pili wa ziwa, kisha Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Walifuata pembe za ndovu. Walipeleka nguo za merikani, shanga, bunduki na baruti. Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, ilikuwa kituo chao kikubwa tangu miaka ya 1860. Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare, kwa miezi mingi ya 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Karatasi zilimwishia, akaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino aliojitengenezea kwa rangi ya mimea. Kwa wino huo aliandika mambo aliyoyaona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871.

Inafaa tukae hapo kidogo. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake. Walikuja kwa mamia kutoka pande zote mbili za mto wakiwa na samaki, chumvi, vyungu, kuku na unga, na desturi ya nchi ilikuwa kwamba siku ya soko hata watu wenye vita hawagombani. Siku ile watu wa misafara waliingia sokoni na bunduki, wakaanza kupiga. Akina mama walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, mto ukawachukua. Makadirio aliyoyaandika Livingstone yalikuwa kati ya watu 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza sana nguvu ya madai ya kufunga soko la watumwa la Unguja, nalo likafungwa mwaka 1873. Kwa hiyo mtoto wa Unguja anayesoma shuleni habari za kufungwa kwa soko lile anasoma pia, hata kama hakuambiwa, habari za wanawake wa Maniema.

Kasongo yenyewe haitenganiki na jina la Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sote tunamfahamu kama Tippu Tip. Nyumba yake bado imesimama Shangani, Mji Mkongwe, na wapita njia wanaijua kwa mlango wake mkubwa. Katika miaka ya 1870 aliingia nchi ya Watetela akidai kuwa ni mjukuu wa ukoo wa mtawala wao, Kasongo Rushie, kwa upande wa mwanamke aliyetekwa zamani. Mzee yule alimkubali, akamwachia nchi. Maneno hayo ameyasimulia Tippu Tip mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mtu kujieleza maisha yake kwa Kiswahili. Alifika Kasongo kiasi cha mwaka 1875, akaifanya makao. Mwaka uliofuata alikutana na Henry Morton Stanley, akamsindikiza sehemu ya safari ya kuteremka mto. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akampa uwali wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani.

Mji wake wa Kasongo ulikuwa wa namna gani? Shahidi mzuri ni Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi lililouteka. Alikuta nyumba kubwa za matofali, vitanda vya nakshi vyenye magodoro ya hariri na vyandarua, glasi na vyombo vya fedha, mishumaa, sukari. Alikuta michungwa, na mashamba ya mpunga na miwa yanayokwenda mbali. Alikadiria kwamba katika enzi zake mji ulikuwa na makumi ya maelfu ya watu. Vitu vile vilifika kwa vichwa vya wapagazi kutoka pwani, na mashamba yale yalilimwa na watu waliotekwa. Uzuri wa Kasongo na msiba wa vijiji vilivyoizunguka vilitoka mkono mmoja. Sioni namna ya kuusifu mji ule bila kulitamka hilo.

Vita kati ya watu wa Leopold na wakubwa wa misafara vilianza mwaka 1892, Tippu Tip akiwa amekwisha kurudi Unguja. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, milki ya Leopold, liliongozwa na Francis Dhanis, ofisa wa Kibelgiji. Mkono wake wenye nguvu ulikuwa Ngongo Lutete, ambaye utotoni aliwahi kuwa mtumwa, akapanda mpaka kuwa jemadari wa Tippu Tip, kisha akahamia kwa Wabelgiji. Nyangwe iliangushwa Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, akauawa vitani mwaka huo huo. Ngongo Lutete, aliyewapa Wabelgiji ushindi, wao hao walimhukumu na kumpiga risasi Septemba 1893. Januari 1894 ilikuwa zamu ya Kabambare, na Rumaliza, aliyekuwa ameshika Ujiji, akakimbia kurudi mashariki. Pande zote mbili wapiganaji walikuwa karibu wote watu wa nchi. Wabelgiji waliviita vita dhidi ya Waarabu, na vitabu vya shule vimeendelea kutumia jina hilo, ingawa wengi wa waliokufa walikuwa Watetela, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na Wagenya.

Kasongo ya leo haiko mahali pale pa zamani. Mji wa kale ulibaki magofu, unaitwa Kasongo Tongoni, na katika miaka ya karibuni wanaakiolojia wameuchimba huku wakiwahoji wazee juu ya kumbukumbu zao. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo kwa herufi za Kiarabu wakati ule zimehifadhiwa Ubelgiji, na baadhi zimechapishwa. Humo mna biashara, salamu, madeni na amri za vita, katika lugha ambayo mzee wa Pangani au Lamu angeisoma bila mkalimani.

Utawala wa Wabelgiji ulileta mambo mengine. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipofunguliwa karibu na mwaka 1911 ilipita magharibi ya Lualaba, na Kasongo, iliyo mashariki, ikaachwa kando. Kilimo cha pamba cha lazima kilianza Kongo mwaka 1917, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kubebeshwa mzigo huo. Mkulima alilimishwa asichokila na akauza kwa bei asiyoipanga. Shule ziliachiwa misheni. Familia za Kiislamu, zikichelea watoto kubadilishwa dini, nyingi hazikuwapeleka, na pengo hilo la elimu liliwaumiza kwa vizazi. Hata hivyo Uislamu haukufa; Kasongo ndiyo inayotajwa kwanza kila Waislamu wa Kongo wanapoizungumzia asili yao. Ukatoliki nao umeota mizizi, na Kasongo ni makao ya dayosisi tangu 1959. Ndani ya ukoo mmoja utamkuta Ramadhani na Placide wakila sinia moja.

Kuhusu hesabu ya watu, sensa kamili ya mwisho ya Kongo ilifanywa mwaka 1984, kwa hiyo takwimu zote za leo ni makadirio. Zenye kuaminika zaidi ni za watu wa afya, kwa sababu wao huhesabu watoto ili wawachanje. Na katika jambo hili Kasongo imeifundisha dunia. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Kongo na wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp walijaribu mpango wa vituo vidogo vilivyo karibu na wananchi, vikiongozwa na wauguzi, na nyuma yake hospitali moja ya kupokea waliozidiwa. Mwaka 1981 jarida The Lancet lilichapisha utafiti wao juu ya watoto wa miezi 7 hadi 35: je, chanjo ya surua inawaongezea uhai, au inawaokoa na surua ili wafe kwa maradhi mengine ya umaskini? Swali hilo lilizua mjadala mkubwa, na mpango wa Kasongo unasomwa hadi leo katika vyuo vya afya ya jamii.

Makabila ni mengi. Wabangubangu ndio wengi wa Kabambare, na huko ndiko asili ya mama yake Rais wa zamani Joseph Kabila, aliyekulia Tanzania. Kasongo ina Wakusu, Wazimba, Wagenya na wengineo. Kiswahili kinawaunganisha wote, na Kiswahili cha Kasongo kinakaribia zaidi cha pwani kuliko kile cha migodi ya Lubumbashi. Kwetu nako damu yao ipo. Wamanyema wa Ujiji, Kigoma, Tabora na Kariakoo ni wajukuu wa wapagazi, askari, wafanyabiashara na mateka waliotoka huko, na Msikiti wa Manyema pale Kariakoo unachukua jina lao.

Vita vya tangu 1996 vimeitesa nchi hii. Majeshi ya waasi yalishika miji, wanamgambo wa Maimai wakashika vijiji, na mkulima alishindwa kufika shambani kwake. Kabambare ndiyo imeumia zaidi siku za karibuni, na sababu ni dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila. Wabelgiji waliichimba, mwaka 2016 mgodi mkubwa wa kampuni ulianza uzalishaji wa kibiashara, na wachimbaji wadogo wakajikuta wamesukumwa pembeni ya mashimo waliyoyazoea. Mapigano yakafuata, wafanyakazi wakatekwa, familia zikakimbia. Wapo bado wanawake wanaotwanga mawe kwa mchi kutwa nzima ili wapate chembe za kuuza jioni, na anayeijua kazi hiyo hatashangaa kwa nini hasira iko karibu.

Kwa anayetaka kufika, ndege ndogo hutua Kasongo. Kwa nchi kavu, mtu huvuka kwa meli kutoka Kigoma hadi Kalemie, akapanda gari kupitia Nyunzu na Kongolo, kisha akageukia kaskazini. Masika magari hukwama kwa siku nyingi, na mizigo hubebwa na vijana wa baiskeli. Hawaziendeshi. Huzisukuma, zimepakiwa madumu ya mawese na magunia ya mchele, mpaka Kindu, umbali wa zaidi ya kilomita 200, na wakirudi huleta chumvi, sabuni na vitenge.