Seva ya Tovuti Isiyo na Makuu

Seva ya tovuti ni programu inayokaa macho saa zote ikisubiri vivinjari viombe kurasa. Hupokea maombi ya yeyote aliye kwenye intaneti, wadukuzi wakiwemo. Kila huduma iliyowashwa bila kazi ni mlango mwingine wa kulinda, hivyo usalama huanzia katika kupunguza.

Mfano mzuri ni OpenBSD, mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa na Theo de Raadt nchini Kanada mwaka 1995. Ukishasakinishwa, huduma nyingi hubaki zimezimwa mpaka mwenyewe aziwashe. Kasoro ya kiusalama ya Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, watengenezaji wa OpenBSD walichukua nakala ya programu hiyo, wakafuta maelfu ya mistari isiyohitajika, wakaiita LibreSSL. Mwaka huohuo walitoa seva ndogo ya tovuti, httpd.

Kazi ya kuandaa seva kwa OpenBSD huanza na mlango wa msimamizi. Kuingia kwa nenosiri kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, huzimwa, na badala yake hutumika jozi ya funguo: wa siri hubaki kwa msimamizi, wa wazi huwekwa kwenye seva. Wanaobahatisha manenosiri hukosa pa kubahatisha. Kisha pf, programu inayochuja mawasiliano, huamriwa kuzuia yote yanayoingia isipokuwa kwenye poti tatu: 22 ya msimamizi, 80 na 443 za wasomaji.

Faili la /etc/httpd.conf huhitaji mistari michache: jina la tovuti, poti na folda ya kurasa. Folda huandikwa /htdocs, ingawa kwenye diski ni /var/www/htdocs, kwa sababu michakato inayowajibu wasomaji hufungiwa ndani ya /var/www na huendeshwa kwa akaunti ya www isiyo na madaraka. Mdukuzi akiupenya mchakato mmoja, hayaoni mafaili ya mfumo yaliyo nje ya hapo. Amri ya httpd -n hukagua makosa ya httpd.conf kabla ya seva kuwashwa.

Hufuata cheti cha HTTPS, kinachowezesha mawasiliano kusimbwa yasisomwe njiani. Let's Encrypt hukitoa bure, na programu ya acme-client hukiomba kupitia poti 80. Kwa kuwa ni cha muda mfupi, amri ya kukihuisha huwekwa kwenye cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, ijiendeshe yenyewe.

Baada ya hapo hubaki matunzo: viraka vya mfumo huletwa na amri ya syspatch, maombi yaliyopokelewa husomwa katika /var/www/logs, na nakala ya kurasa huhifadhiwa kwenye mashine nyingine.