Menyu Yangu Huandikwa na Upepo

Wapishi wenzangu hapa Morogoro hunicheka: ati kabla ya kupanga menyu nampigia simu dalali wa soko la samaki la Feri kumuuliza upepo. Wacheke. Kutoka ufukwe wa Dar es Salaam hadi jiko langu, chini ya Milima ya Uluguru, ni karibu kilomita 190 za barabara, na bado bahari ndiyo inayoamua nitapika nini Ijumaa.

Kaskazi ikivuma, tangu Desemba hivi hadi Machi, vyombo vidogo huthubutu kwenda mbali, nasi tunapata nguru, jodari na kolekole. Kusi likishika, bahari huchafuka, wengi huvua karibu na pwani, na bei mnadani hupanda. Mwezi nao una amri yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mavuno hupungua. Pweza hutafutwa miambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Tena kuna vijiji vya Mafia na Pemba, Kisiwa Panza kikiwemo, ambavyo hufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi mitatu hivi ili pweza wakue. Mteja anayetaka pweza mbichi kila siku ya mwaka anaagiza wa friza bila kujua.

Safari ndiyo inayoua ladha. Kwa joto letu nataka kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na boksi lenye tundu la kutolea maji. Likifika, sianzi na macho, maana barafu yenyewe huyafifisha. Nafunua matamvua: yawe mekundu, yasiwe na ute wa kahawia. Halafu nabonyeza mgongo. Alama ya kidole ikibaki, samaki anarudi alikotoka, hata kama meza zimejaa.

Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar na Morogoro, Juni 2024, napata wageni wanaoipa Feri kisogo na kuja kuagiza changu mlimani. Haya, karibuni! Lakini kusi likikaza nitawapa perege wa Bwawa la Mindu, kambale wa Kilombero, au samaki wa mabwawa ya kufugia. Kingolwira, nje kidogo ya mji, kuna kituo cha serikali kinachozalisha vifaranga vya samaki. Samaki huyo wa maji baridi nampika kwa tui zito na pilipili manga ya Kinole, na kwenye menyu namwita kwa jina lake. Perege aliyetoka majini asubuhi anamshinda changu aliyelala friza wiki tatu, na kwa hilo sibishani na mtu.

Basi ukikaa mezani, kwangu au kwa mwingine, muulize mhudumu samaki huyu katoka wapi na amefika lini. Akibabaika, agiza kuku.