Kaktusi na alovera ya nyumba: hapa Bukavu mvua ndiyo inaziua, si jua

Mara hii hatutasema juu ya mihogo wala maharagi. Tutasema juu ya mimea ambayo wengi wenu mumeiona mujini, kwenye vibaraza vya nyumba za Nguba na Muhumba: kaktusi, alovera, sansevieria na ndugu zao wengine wenye majani ao mashina manene yanayochunga maji ndani. Tunajua wengine watacheka. Mulimaji na maua ya kibaraza, wapi na wapi? Lakini kwa mama mwenye shamba la hatua kumi kwa ishirini, kibaraza nacho ni shamba. Na kuna kikundi kimoja cha koperative, juu ya njia ya Kabare, ambacho karibu kipoteze feza zake kwa sababu ya mimea hii na kwa sababu yetu.

Tuanze na kosa letu. Bamama kumi na wawili walikopa ndani ya sanduku la AVEC yao mwezi wa munane, wakanunua miche sitini. Walikata bidoni za njano katikati, wakakusanya makopo ya maziwa, wakatia udongo mweusi wa chini ya migomba pamoja na mbolea ya mbuzi, sawa vile wanafanya kwa miche ya kabichi. Sisi tulipita mwezi wa tisa, tukaona udongo ni muzuri, tukasema: endeleeni, munyweshe mara mbili kwa juma. Tulisema vile bila kufikiri sana, tulikuwa na haraka ya kufika kwenye mbegu za sezoni A. Kiisha mvua ikaanza. Katikati ya mwezi wa kumi na moja mashina yalikuwa laini sawa avoka iliyopita kuiva, na harufu yake hatutaisahau. Miche kumi na tisa tu ndiyo ilibaki imesimama. Na sanduku la AVEC halijui habari ya kuoza: tarehe ya kurudisha ilikuwa ile ile.

Ukiuliza watu juu ya nini kaktusi inakufa, wengi watasema ni kiu. Hapa kwetu ni kinyume. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, mvua inatushika tangu mwezi wa tisa hadi wa tano, na udongo wetu mwekundu ni wa mufinyanzi, unashika maji sawa kibuyu. Kaktusi karibu zote asili yake ni Amerika, na nyingi ya zile zinazouzwa zilizoea inchi kavu sawa Mexico, kwenye mawe na muchanga. Mizizi yake inataka hewa. Ikikaa ndani ya maji inakosa pumzi, inakufa, kuvu inaingia, na uozo unapanda kwenye shina. Wakati unaona shina limelegea, chini kulikwisha haribika siku nyingi. Hapo mutu anafikiri muti una kiu, anaongeza maji. Sisi pia tulifanya vile.

Mimea hii ina ujanja mumoja wa kufahamu. Muhindi na maharagi hufungua vitundu vya majani muchana kuvuta hewa, na hapo hapo maji yanatoka. Kaktusi, alovera na nyingi za jamaa yao hufungua usiku, wakati kuna baridi, zikaweka ile hewa ndani sawa asidi, kiisha zinaitumia muchana vitundu vikiwa vimefungwa. Kwa hiyo utomvu wao ni mukali asubuhi kuliko jioni. Musiuonje kwa kujaribu, tutaona hapo chini kwa nini. Muti unaotumia maji kidogo namna hiyo hauna haja ya ndoo yako.

Si zote zina tabia moja. Anayeshuka Kamanyola kwenda Uvira anaona kule kwenye uwanda wa Ruzizi miti minene yenye mikono inayopanda juu sawa kinara cha mishumaa. Watu wanaiita kaktusi, lakini ni euforbia: ukiikata inatoa maziwa meupe, na kaktusi nyingi hutoa maji tu. Kaktusi moja tu ndiyo inamea yenyewe katika Afrika, Rhipsalis, na hiyo inapinga yote tuliyosema: inaning'inia kwenye matawi ya miti ndani ya pori lenye mvua, miiba hakuna, na inapenda unyevu na kivuli. Ukiipata kwa muuzaji, usiikaushe sawa zingine.

Sasa udongo. Changanya sehemu moja ya udongo mweusi, sehemu moja ya muchanga wenye chembe kubwa (ule laini wa kupigia lipu hapana, unaziba), na sehemu moja ya matofali yaliyopondwa ao vipande vya makala. Mwenye ndugu Goma amwombe kifuko cha mawe madogo ya volkano, yale mepesi yenye vitundu. Bwato linayaleta, na hakuna kitu kinachopita hayo. Mbolea ya mbuzi wacha kwa kabichi, hapa kijiko kimoja cha mboji iliyooza kabisa kinatosha kwa mwaka. Toboa matundu manne ao matano chini ya kopo. Kiisha fanya jaribio: mwanga kikombe cha maji, hesabu polepole hadi kumi. Kama maji hayajaanza kutoka chini, ongeza muchanga.

Wakati wa mvua makopo yakae chini ya mabati, upande wa jua la asubuhi, yasiguse matone ya paa. Kunywesha, tumia kijiti kikavu cha mwanzi: kiingize hadi chini, ukitoe. Kikitoka na udongo umeshikamana, enda zako. Mwezi wa nne unaweza kupita juma tatu hata ine bila kutia kitu. Kiangazi, tangu mwezi wa sita hadi wa munane, mara moja kwa siku kumi hivi. Maji yaende kwenye udongo, si katikati ya majani ya alovera, juu pale katikati ndipo uozo unaanza. Na kopo lililokaa ndani ya nyumba miezi mingi usilitoe mara moja kwenye jua la saa sita. Litaungua, alama ya kahawia haitatoka tena, na mununuzi ataiona.

Ile miche iliyooza haikupotea yote. Tulirudi, tukaomba samahani, tukakaa siku nzima kukata. Unakata shina juu ya uozo, unaendelea kukata hadi nyama iwe safi bila doa hata moja, na kila mara unapangusa kisu na kanyanga. (Mama mumoja alisema ndiyo mara ya kwanza anaona kanyanga inafanya kazi ya maana.) Kipande kinapakwa unga wa makala, kinalazwa kivulini kwenye ubao siku saba hadi kidonda kifunge ngozi. Mulimaji hapendi kuona muche umelala bila udongo juma nzima. Lakini ukiupanda mubichi, unaoza tena. Ukiisha upanda, ngoja juma lingine mbele ya maji ya kwanza.

Alovera ni rahisi kuliko zote, inazaa watoto pembeni, munawatenga wakiwa na mizizi yao. Sansevieria, ile Wafaransa wanaiita ulimi wa mama mukwe, inakatwa jani vipande vya urefu wa kidole. Weka alama upande wa chini, kwa maana kikipandwa kichwa chini hakishiki. Na hapa kuna kitu kimoja wauzaji wengi hawajui: ile yenye ukingo wa njano, ambayo mujini inapendwa zaidi, ukiizalisha kwa kipande cha jani watoto wanatoka kijani tupu. Njano inabaki tu ukigawanya shina lake la chini ya udongo. Kikundi chetu kilikata majani manane ya njano mbele hatujawaambia.

Mukiona unga mweupe sawa pamba kwenye makwapa ya majani, ni koshenili, ndugu ya ile iliyoingia kwenye mihogo ya Kongo miaka ya 1970. Panguseni na kitambaa chenye kanyanga ao maji ya sabuni, kopo kwa kopo, murudie kila juma hadi iishe. Angalieni na mizizi, inajificha huko.

Tunaomba musome pole pole sehemu hii. Maziwa ya euforbia, pamoja na ile miyenzi munapanda kuwa lupango, yanachoma jicho na yanaweza kulipofusha. Mutoto wa miaka mitano wa mumoja wa bamama hawa alivunja tawi akicheza, akajipangusa uso. Bibi yake alitaka kumutilia maziwa ya mama, sawa vile wazee walizoea. Musifanye vile. Osheni jicho na maji safi yanayotiririka, dakika kumi na tano hata zaidi, jicho likiwa wazi hata akilia, kiisha mukimbie kituo cha afya. Huyu mutoto aliona vizuri tena siku ya tatu. Tangu hapo tumeomba vikundi viache euforbia kwenye nyumba zenye watoto wadogo, hata kama inauzika. Ile inayozaa vitoto kwenye ukingo wa jani, Bryophyllum, nayo iko sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Mabaki yake musitupe kwenye malisho. Vivyo hivyo kaktusi za majani bapa zenye matunda. Kule Laikipia, Kenya, zilitoka kwenye lupango na bustani zikashika malisho, nyani na tembo wanasambaza mbegu, miiba inaumiza vinywa vya mbuzi, na sasa wameleta mududu wa jamaa ya koshenili kuzipunguza. Mabaki yakaukie kwenye bati, kiisha muyachome. Ya euforbia muyafukie, hata moshi wake unachoma macho.

Kuhusu kuuza: musichimbe kitu porini, na zaidi ndani ya Parke ya Kahuzi-Biega. Na wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe wajue hivi: kaktusi karibu zote, euforbia nene na alowe za porini ziko chini ya mapatano ya CITES, ambayo inchi yetu imo tangu 1976. Bila karatasi, kwenye mupaka zinaweza kukamatwa. Alovera ya kawaida imeachiliwa. Uzeni hapa hapa kwanza, ndani ya chombo safi, na mufundishe mununuzi kijiti cha mwanzi, asirudi na muche uliooza kusema mumemudanganya.

Deni la AVEC lilichelewa miezi mitano. Wenzao walikubali kungoja, si wote kwa furaha. Sehemu ya mwisho ililipwa mwezi wa saba, zaidi kwa watoto wa alovera na sansevieria ya kijani, kwa maana ya njano ilikuwa bado ndogo. Sasa wana makopo zaidi ya mia moja chini ya shitingi waliyofunga kwenye nguzo za mwanzi. Tukifika pale, mutu anaenda kuficha ndoo, na jina wametupa ni Bwana Maji.