Mpira wa Senti 20 Uliozaa Shule Gatwekera

Mtu wa Mwambao afikapo Nairobi na kuulizia Kibera, huonyeshwa mabati yaliyofululiza bondeni na reli ipitayo, kisha husimuliwa habari za ufukara peke yake. Ni nadra kuambiwa kwamba mji ule asili yake ni wa Waislamu. Wanubi, askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, wakajenga nyumba na misikiti yao, na kwa lugha yao wakapaita Kibra, maana yake msitu. Msitu umekwisha. Badala yake vimeota vijiji vilivyosongamana, na kimojawapo ni Gatwekera, ambako hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta karibu watu 25,000.

Katika Gatwekera hiyo palizuka jambo ambalo kila anayefikiria kuzisaidia shule zetu katika michezo yafaa alijue. Kijana mmoja, Kennedy Odede, aliyekulia Kibera katika dhiki, alikuwa akifanya kibarua kiwandani kwa ujira wa dola 1 kwa kutwa ya saa 10. Mwaka 2004 alijiwekea senti 20 za hiyo dola, ambazo kwa thamani ya wakati ule hazikufika hata shilingi 20, akanunua mpira wa miguu. Vijana wakakusanyika kucheza. Na wakishakusanyika, wakaanza kuzungumza mambo yanayowasibu. Ndivyo kilivyozaliwa chama cha Shining Hope for Communities, ambacho wenyeji hukiita SHOFCO. Mwaka 2009 Odede na mwenziwe Jessica Posner walifungua hapo Gatwekera shule ya wasichana isiyotoza karo, na mwaka 2018 chama hicho kilitunukiwa tuzo ya Hilton ya dola milioni 2.

Wengi hukimbilia kuzitaja hizo milioni. Mimi nasema tuutazame ule mpira kwanza. Haukutoka kwa mfadhili, wala hakuna fomu iliyojazwa kwa Kiingereza ili upatikane. Aliyeununua ndiye aliyejua vijana watachezea wapi na saa ngapi, na lau ungepasuka, yeye ndiye angeutia kiraka.

Hapo hapo Kibera kuna kisa kingine kinachokaribiana na hicho. Mwaka 2000 mwanafunzi wa Kimarekani, Rye Barcott, alimpa muuguzi aitwaye Tabitha Atieno Festo dola 26, yaani kama shilingi 2,000. Mama huyo alizichuuzia mboga, na faida akafungulia zahanati. Mwaka 2001 wawili hao pamoja na Salim Mohamed wakaanzisha chama cha Carolina for Kibera, kikapanga mashindano ya kandanda yenye masharti ya ajabu: timu sharti ichanganye makabila, na wachezaji sharti washike mafagio na majembe kusafisha mitaa. Bao halikuwa la bure!

Sasa tuingie darasani. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba ya shule za Kenya tangu zamani, lakini nani asiyejua kilivyokuwa kikimezwa na hesabu mtihani ukikaribia? Mtihani ule wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, kwa hiyo kisingizio hicho kimekwisha. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuhangaisha mwili kila siku. Katika shule ya mabati, yenye ua usiozidi sebule ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, dakika hizo zapatikanaje? Msaada mdogo hufaa hapa: kamba za kuruka, filimbi, mipira miwili na pampu yake. Vitu hivi havina fahari ya kupigiwa picha, na pengine ndiyo sababu wafadhili wengi huvipita.

Juu ya wasichana nitasema zaidi, maana wazazi wetu wengi husita. Hapo Kibera Bwana Abdul Kassim alianzisha timu ya kandanda ya wasichana mwaka 2002, na mwaka 2006 akawafungulia shule ya sekondari, kwa kuwa aliona mpira peke yake hauwatoshi. Atakayesema mchezo unamvua mwanamwali stara yake, na ajue kwamba FIFA iliruhusu kilemba cha hijabu uwanjani tangu mwaka 2014. Na tumesoma katika hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, safari ya kwanza Bibi akashinda, na baadaye Mtume akamshinda. Basi suruali ndefu na kilemba kwa kila msichana viingizwe katika hesabu ya msaada, kama viingizwavyo viatu.

Lakini kuna kitu ambacho ruzuku ndogo haikinunui, nacho ni kiwanja. Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, si mbali na Kibera, walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana na kuusukuma, na polisi wakawatupia mabomu ya machozi, watoto wenye sare za shule! Nchi nzima ilipiga kelele na uwanja ukarudishwa.

Wanubi wanaijua vizuri hadithi ya ardhi inayoyeyuka. Mwaka 1918 eneo la Kibra lilitangazwa kuwa ekari 4,197. Hati waliyokabidhiwa mwaka 2017, baada ya kudai kwa miaka mingi, ni ya ekari 288. Sisi wa Mwambao tuna desturi ya wakfu, ambayo kwayo babu zetu walifunga mashamba, visima na nyumba visiuzwe wala kurithiwa. Sijui kwa nini tumeifungia misikiti na makaburi tu. Ndani ya hizo ekari 288, kabla kila pembe haijajengwa, kiwanja kimoja cha watoto chaweza kuandikwa wakfu, na wa Gatwekera wakaja kucheza pia.