Kiduha husikia mahindi yanapoita

Kama umelima mahindi kandokando ya Ziwa Victoria, unakijua kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo huanza kuyadhoofisha mahindi hata kabla halijachomoza juu ya ardhi. Linajuaje pa kuotea?

Mimea huwasiliana kwa kemikali. Udongo ukipungukiwa fosforasi, mizizi ya mahindi hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni ili kuwaita kuvu wa udongoni. Kuvu hao huingia mizizini, huleta fosforasi, nao hulipwa sukari. Ni biashara nzuri, ila mwito huo hausikiwi na rafiki peke yake.

Mbegu za kiduha, ndogo kama vumbi, zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja. Zikiipata kemikali hiyo huota, hujishikiza kwenye mzizi na kunyonya maji na chakula. Ndiyo maana shamba lililochoka huteseka zaidi: mahindi yenye njaa huita kwa nguvu. (Cha ajabu, kemikali hiyo ilitambuliwa kwanza mwaka 1966 katika mizizi ya pamba, ambayo kiduha hakiishambulii.)

Huko Mbita, Kenya, watafiti wa icipe waliwafundisha wakulima kupanda desmodiamu, mmea wa malisho, katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huziotesha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisijishikize. Zikikosa mzizi, hufa baada ya siku chache. Samadi nayo husaidia, kwa kuwa hupunguza njaa ya udongo. Kung'oa kiduha kikishatoa maua hakuyaokoi mahindi ya msimu huu. Kunapunguza tu mbegu za msimu ujao.