Wembe wa babu: makali yanarudi kwa subira, si kwa mashine

Babu yetu aliacha nyembe mbili za kukunja, zile ambazo vinyozi walitumia kabla ya viwembe vya kutupa kuingia madukani. Leo umebaki mmoja. Ule mwingine uliharibika kwa dakika tano mbele ya macho yangu, na si kutu iliyouharibu.

Babu alikuwa mfanyakazi wa Union Minière wakati Lubumbashi ilipokuwa ikiitwa Élisabethville. Jumapili alinyoa majirani chini ya mwembe. Alipofariki, nyembe zake zilikaa miaka mingi ndani ya kopo la maziwa, pamoja na misumari. Mwaka jana Baba alinipa kopo hilo na kuniomba jambo moja tu: anyoe ndevu zake kwa wembe wa baba yake, angalau mara moja.

Chini ya kutu, neno moja lilisomeka bado kwenye chuma: Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu, mikasi na nyembe. Tangu 1938, sheria ya nchi hiyo inalinda jina la Solingen ili lisitiwe kwenye bidhaa za mahali pengine. Sheffield ya Uingereza na Thiers ya Ufaransa nazo zilijijengea sifa kwa kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1903, kampuni ya Mmarekani King Gillette ilianza kuuza wembe wenye kiwembe chembamba cha kubadilisha. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Marekani waligawiwa nyembe hizo. Kiwembe kikichakaa kinatupwa, basi watu wengi wakaacha kujifunza kunoa.

Mimi pia sikujua. Nilipeleka wembe mmoja kwa fundi anayenoa mapanga kwa mashine ya umeme. Cheche ziliruka, kutu ikaisha, chuma kikang'aa kama kipya. Karibu na makali kulitokea doa la buluu. Nililiona zuri, nikalipa, nikaenda zangu. Nyumbani wembe haukukata hata unywele mmoja, na kila nilipounoa makali yalijikunja.

Maana ya doa hilo niliijua baadaye. Kiwandani, chuma cha wembe hupashwa moto mkali, hupozwa ghafla, halafu hupashwa tena kidogo ili kiwe kigumu bila kuvunjika ovyo. Kikipata joto jingi mara nyingine, kinalegea. Rangi ya buluu inaonyesha kwamba kimefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Panga ni nene na linavumilia, lakini makali ya wembe ni membamba sana, yanapata moto upesi. Hakuna jiwe linaloweza kurudisha ugumu uliopotea hivyo. Fundi alifanya alichoombwa. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwa wembe wa pili nilimfuata mzee mmoja, kinyozi wa zamani wa komine ya Kamalondo. Alinikataza kugusa chochote kabla ya kutazama. Kwa kioo cha kukuza nilijifunza kutofautisha kutu nyekundu ya juu, ambayo inaondoka, na vishimo vyeusi vilivyokula chuma. Vishimo vikifika kwenye makali, makali yanamegeka hapo hapo. Wembe wetu ulikuwa navyo karibu na mgongo tu. Mpini wake ni wa pembe ya ng'ombe. Ungekuwa wa seluloidi iliyoanza kupasuka, ingebidi kuubadilisha, kwa maana seluloidi ikioza hutoa mvuke wenye asidi unaoleta kutu.

Kutu niliiondoa kwa mkono: mafuta, msasa laini sana, na kizibo cha chupa chini ya msasa ili vidole visikutane na makali. Ilichukua jioni nne. Vishimo kadhaa niliviacha, kwa kuwa kuviondoa vyote ni kuondoa chuma ambacho hakitarudi.

Halafu kunoa. Wembe unalazwa kabisa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa pamoja. Mgongo ndio unaopanga jinsi makali yanavyolalia jiwe, kwa hiyo mkono haupaswi kubahatisha. Makali yanatangulia, ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake na kurudi. Unaanza na jiwe namba 1,000 hadi pande mbili za makali zikutane sawasawa. Hatua hiyo ikikosekana, mawe laini yanayofuata hayasaidii kitu. Kisha namba 4,000, na namba 8,000.

Kosa langu lilikuwa kukandamiza. Mwezi mzima wembe ulikata nywele za mkono lakini ulikwaruza shavu. Mzee aliniambia niache uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi.

Jiwe la mwisho lilitoka kwa ndugu yetu anayeishi Liège. Linaitwa coticule, la rangi ya njano, na huchimbwa katika Ardennes ya Ubelgiji, upande wa Vielsalm. Ndani yake mna chembe ndogo mno za garneti, na hizo ndizo zinazonoa. Linahitaji maji tu. Baada yake ni mkanda wa ngozi, mara 50 hivi, lakini hapo mgongo ndio unaotangulia. Makali yakitangulia, unapasua mkanda.

Jambo moja la babu hatukulirudisha: wembe mmoja kwa majirani wote. Damu kidogo isiyoonekana yatosha kupitisha hepatiti B, na virusi vya UKIMWI pia vinaweza kupita kwa njia hiyo. Mpini wa pembe hauwezi kuchemshwa bila kuharibika. Wembe kama huu uwe na mwenyewe mmoja. Na ukienda saluni, dai kiwembe kipya.

Mwenyewe wa huu ni Baba. Alijinyoa mwezi uliopita, ngozi ameivuta, wembe ameuinamisha nyuzi kama 30, akifuata ndevu zinakoelekea. Kwa ndevu za kujikunja kama zetu ni afadhali hivyo, maana unywele uliokatwa chini mno hurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Alimaliza bila jeraha, akaupangusa, akaupaka mafuta, akanirudishia niunoe tena wakati wake ukifika.

Kama nyumbani kwenu kuna wembe wa mzee ndani ya kopo, usiupeleke kwenye mashine. Ukaushe, upake mafuta, uutazame vizuri. Umengoja miaka mingi. Unaweza kungoja jioni chache zaidi.